Mpira mmoja, mashine tatu: shajara ya trakiboli, Busia

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda na kibanda changu cha redio na simu kimefungwa. Mahujaji waliotoka Kenya kwa miguu walikatiza hapa Busia siku nyingi zilizopita, sasa wako Namugongo, mahali pa hija karibu na Kampala, na barabara ya mpakani imetulia. Nikapata wasaa wa kufungua sanduku ambalo binamu yetu alilituma kutoka London pamoja na nguo za watoto.

Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya Atari 2600, kaseti saba, jostiki mbili zilizopasuka mpira wa shina, na chini kabisa, imeviringwa kwenye taulo, CX22 Trak-Ball. Kwa asiyeijua: trakiboli ni kidhibiti cha gemu chenye mpira mzito uliokaa kwenye shimo, nusu yake iko nje. Huishiki mkononi. Unaiweka mezani na kuuviringisha mpira kwa kiganja, na kitu kilichoko kwenye skrini kinafuata upande na kasi ya mkono wako. Ni mausi ya kompyuta ya zamani iliyolazwa chali.

Sababu ya kuanzisha shajara hii ni kaka yangu mkubwa. Miaka ya 90 alikuwa bingwa wa Arkanoid mtaani kwetu, gemu ya kuvunja matofali kwa mpira unaodundishwa na ubao, enzi za vibanda vya gemu vyenye TV ya inchi 14 na gunia mlangoni la kuzuia jua. Watu walilipa ili wamwangalie tu. Mwaka 2019 alianguka na boda, na tangu hapo vidole vya mkono wa kulia havikunji. Pedi ya gemu hawezi kuishika. Lakini bega lake ni zima na kiganja kina nguvu. Leo alipouona mpira aliuwekea kiganja, akauzungusha mara moja, akanyamaza, akauzungusha tena.

"Huu nauweza," akasema.

Basi kazi ni hii: mpira huu ufanye kazi kwenye Atari iliyokuja nayo, kwenye Sega Mega Drive ninayoitunza dukani, na zaidi ya yote kwenye TV gemu ya mpwa wetu, ile mashine ya kaseti ya Kichina inayoigiza Famicom ya Nintendo, kwa sababu Arkanoid yake iko humo. Zote tatu zina soketi ya pini tisa. Plagi inaingia kwote bila kulazimishwa.

Alhamisi, 5 Juni

Usafi kwanza. Chini ya mpira kuna roli mbili za chuma zilizokaa kwa pembe mraba, moja ya kushoto-kulia na nyingine ya juu-chini, pamoja na beringi ndogo ya tatu inayoubeba tu mpira. Mwisho wa kila roli kuna sahani yenye nafasi kama meno ya kitana, na sahani hiyo inapita kati ya taa ndogo ya infraredi na macho mawili ya mwanga. Macho ni mawili kwa sababu moja likitangulia kuona nafasi, mashine inajua mpira umekwenda upande gani.

Kila roli ilikuwa imevaa pete ya uchafu mweusi, ngumu kama lami iliyopoa, pale hasa mpira unapogusa. Pamba na spiriti vililainisha juu tu. Kisu sikuthubutu, kwa maana mkwaruzo mmoja kwenye roli utausikia kiganjani milele. Nilichonga kijiti cha mwanzi, nikakizungusha taratibu huku roli ikizunguka, na pete ikatoka kipande kizima, imejikunja kama ganda la njugu. Beringi nilizitosa kwenye petroli usiku kucha, kisha tone moja moja la mafuta ya cherehani. Roli zenyewe hazipakwi mafuta hata kidogo, mpira utateleza badala ya kuzizungusha.

Taa za infraredi hazionekani kwa macho. Nilizitazama kupitia kamera ya simu na zote mbili zikatoa mwanga hafifu wa zambarau. Ziko hai baada ya miaka zaidi ya 40.

Kaka alikaa kando akiuliza nani alibuni kitu hiki. Nilimweleza kwamba Ralph Benjamin wa Uingereza alitangulia na wazo hilo mwaka 1946, kisha mwaka 1952 Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor walitengeneza trakiboli kwa ajili ya mfumo wa jeshi la majini la Kanada ulioitwa DATAR, na mpira waliotumia ulikuwa wa mchezo wa boling. Kwenye gemu ulipata jina baadaye, kwa Missile Command ya Dave Theurer mwaka 1980, na Centipede ya Ed Logg na Dona Bailey iliyofuata.

"Kwa hiyo ulianza kuwinda meli," akasema, na akaonekana kuridhika.

Jumamosi, 7 Juni

Jana ilikuwa Idd, hakuna aliyeshika chuma cha lehemu.

Leo Atari. Ni ya Uingereza, kwa hiyo umeme wa 240 hauiumizi, na picha ni ya mfumo wa TV wa PAL kama yetu. Sauti ndiyo iliyonichelewesha: kwenye TV yangu ya mgongo picha ilikaa vizuri lakini spika ilitoa mvumo mtupu. Waingereza waliweka sauti megahezi 6 juu ya picha, sisi tuliiweka megahezi 5.5. Nilihamia TV ndogo ya Kichina yenye menyu ya kuchagua mfumo, nikaweka I, ule wa Waingereza, sauti ikaja.

CX22 ina swichi ndogo yenye herufi JS na TB. Kwenye JS inajifanya jostiki, na Missile Command, gemu ya kulinda miji dhidi ya makombora, ikaitika papo hapo. Kaka alilinda miji yake sita kwa raundi nne. Lakini alitambua kasoro kabla sijamwambia: ukisukuma mpira polepole alama inatembea, ukiusukuma kwa nguvu zako zote inatembea kwa kasi ileile. Jostiki haijui kasi. Inajua tu "kushoto ndiyo" au "kushoto hapana".

Nikaweka TB na alama ikaanza kurukaruka ovyo. Ili nione kinachotoka nilifunga taa nne ndogo kwenye pini 1 hadi 4 na kuuviringisha mpira kwa ncha ya kidole. Pini 1 ikawaka na kubaki inawaka muda wote nilipokwenda upande mmoja, ikazimika nilipogeuza. Pini 2 ikawa inapiga, waka-zima, waka-zima, haraka zaidi kadiri mpira ulivyokwenda haraka. Pini 3 na 4 zilifanya vivyo hivyo kwa juu na chini. Ndiyo lugha ya CX22: waya mmoja unataja upande, mwingine unahesabu hatua. (Ndugu yake CX80 anafanana naye kwa sura lakini husema lugha ya mausi ya Atari ST, basi ukinunua angalia namba chini ya kitako.)

Gemu iliyoandikwa kwa jostiki inasoma pini hizo kama "juu, chini, kushoto, kulia", na ndiyo sababu ya ile vurugu. Na hata ingezielewa, gemu za kawaida za 2600 husoma jostiki mara moja kwa kila fremu, yaani kila picha kamili ya skrini, mara 50 kwa sekunde katika PAL. Mpira ukisukumwa vizuri unatoa mapigo mamia kwa sekunde. Mengi yanapita bila mtu kuyaona. Wapenzi wa Atari wamezirekebisha Missile Command na Centipede ili zisome mpira mara nyingi ndani ya fremu moja, wakati uleule programu inapochora picha mstari kwa mstari, jambo gumu kwa mashine yenye baiti 128 tu za kumbukumbu. Nitazitafuta. Kwa sasa Atari ibaki kwenye JS.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya Mashujaa hapa Uganda. Mega Drive.

Nilichomeka, nikawasha, mpira ukawa mfu. Nilishapima pini za Sega kabla, kwa hiyo sikushangaa. Atari inatoa volti 5 kwenye pini 7. Sega inatoa volti 5 kwenye pini 5, na pini 7 yake ni waya ambao mashine inautumia kuuliza pedi maswali: ukiwa juu inasoma vitufe B na C, ukiwa chini inasoma A na Start. Trakiboli yangu ilikuwa inatafuta chakula mahali ambapo Sega inazungumza.

Adapta yake ni fupi kama kiganja: soketi ya kiume upande mmoja, ya kike upande wa pili, pini 1, 2, 3, 4, 6 na 8 zimenyooka, na pini 5 ya Sega imepelekwa pini 7 ya trakiboli. Pini 7 ya Sega niliiacha bila waya kabisa, nikaikata ili isigusane na jirani.

Shida ikabaki Start. CX22 haina. Lakini kitufe kinachounganisha pini 9 na graundi (waya wa volti sifuri), Sega itakisoma kama C inapouliza hivi na kama Start inapouliza vile. Nilichomeka kitufe cha redio ya gari kwenye kasha la adapta, nikabonyeza, menyu ikafunguka. Kuna gemu zitakazogoma, zile zinazohakikisha kwanza kwamba pedi halisi ya Sega ipo, kwa kuwa pedi hiyo hujibu namna fulani pini 7 ikishuka na adapta yangu haijibu. Kati ya kaseti zangu tisa, mbili ziligoma.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeharibu, na naandika yote ili mwingine asirudie.

Mpwa wangu aliniletea TV gemu yake baada ya shule. Nilikuwa nimepima pini zake jana usiku na kuziandika kwenye karatasi: 2 ni data, 3 ni lachi, 4 ni saa, 6 ni volti 5, 8 ni graundi. Karatasi ilikuwa mezani. Mteja akaingia na simu iliyozama majini, nikamhudumia, na niliporudi mtoto alikuwa ameshachomeka trakiboli moja kwa moja na anaviringisha mpira. Nilimwona na sikumzuia, nikajisemea kwamba bila umeme kwenye pini 7 haitafanya lolote.

Mpira kweli haukufanya lolote. Kisha akabonyeza kitufe cha kufyatua.

Kitufe hicho ndani ya CX22 hakina ujanja, kinaunganisha pini 6 na pini 8. Kwenye Atari hiyo ni sawa kabisa. Kwenye mashine hii pini 6 ndiyo volti 5. Kwa hiyo kila bonyezo ni shoti ya umeme wote wa mashine. Picha ikazimika, spika ikatoa mlio mmoja mfupi, na nilipogusa adapta ya ukutani ilikuwa ya moto. Harufu ile kila fundi anaijua.

Nilichomoa nyaya zote. Regyuleta ya 7805, chipu inayoshusha umeme hadi volti 5, imeundwa kujilinda, nayo ilinusurika. Adapta ya ukutani haikunusurika. Niliweka nyingine ya volti 9 na mashine ikaamka. Kitu kilichoniuma ni uso wa yule mtoto, alidhani kosa ni lake. Nilimkalisha, nikamwonyesha karatasi, nikamwonyesha kwa mita jinsi pini 6 na 8 zinavyolia zikigusana, na nikamwambia wazi kwamba aliyejua alikuwa mimi.

Plagi ya trakiboli sasa ina pete ya rangi nyekundu ya kucha. Mashine isiyo na pete kama hiyo haichomekwi.

Jumapili, 15 Juni

Kwa TV gemu, adapta ya nyaya tu haitoshi. Atari na Sega zinasoma kila upande kwa waya wake. Famicom inasoma vitufe vinane kwa waya mmoja, kimoja baada ya kingine: lachi inasema "kamata hali ya sasa", kisha kila pigo la saa linatoa kitufe kinachofuata. Lazima kuwe na mkalimani katikati. Nimeagiza Arduino Nano, kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu mwenyewe, kutoka Kampala kupitia basi la jioni, shilingi 38,000 pamoja na nauli ya mzigo.

Jumamosi, 21 Juni

Nano imefika. Ningeweza kuifundisha lugha ya Famicom moja kwa moja, lakini mapigo ya saa yanakuja haraka mno na huku inapaswa kuhesabu mpira. Nimechagua njia ya fundi: pedi ya bei rahisi itolewe kafara. Ndani yake tayari kuna chipu inayojua kuzungumza na mashine, imefunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Kazi yangu ni kubonyeza vitufe vyake kwa waya badala ya kidole.

Sehemu nyeusi za kaboni ambazo kitufe hugusa hazishiki lehemu. Nilijaribu mara moja na risasi ya lehemu ikaviringika ikakimbia kama tone la mvua kwenye jani la muhogo. Fuata njia ya shaba inayotoka kwenye kaboni, kwangua rangi ya kijani kwa wembe urefu wa milimita tatu mpaka shaba ing'ae kama senti mpya, paka risasi kidogo kwanza, ndipo uweke waya. Nyaya tano: pande nne na kitufe A. Wa sita nimeuchukua kutoka lachi.

Jambo moja la lazima: Nano isisukume volti 5 kwenye nyaya hizo. Kitufe kikiwa hakijabonyezwa pini ya Nano inakaa kimya kama isiyokuwepo, kikibonyezwa inavuta hadi graundi, basi. Hivyo ndivyo kitufe cha kweli kinavyofanya.

CX22 iko kwenye TB. Waya mbili za mapigo ziko kwenye pini D2 na D3 za Nano, ambazo Nano inazisikia papo hapo hata ikiwa na kazi nyingine. Umeme wa vyote unatoka pini 6 ya mashine. Nimepima mara tatu.

Jumapili, 22 Juni

Programu. Wazo langu ni akiba. Kila pigo la mpira linaweka hesabu moja kwenye akiba ya upande wake. Kila lachi inapokuja, yaani kila fremu, naangalia: akiba ikifika kiwango, nabonyeza upande huo kwa fremu moja na kukata kiwango hicho. Mpira wa taratibu unabonyeza fremu moja kati ya tano, wa kasi unabonyeza kila fremu. Kwa hiyo kasi inarudi, angalau mpaka dari ya bonyezo 50 kwa sekunde. Juu ya dari hiyo hakuna kitu, gemu yenyewe haina masikio zaidi.

Toleo la kwanza lilikuwa na ugonjwa: nikisukuma kwa nguvu kisha nikasimamisha mpira, kitu kwenye skrini kiliendelea kutembea karibu sekunde nzima, kikitumia akiba iliyojaa. Mkono umesimama na gemu inakwenda. Haivumiliki. Nimeweka kikomo, akiba isizidi fremu tatu.

Ugonjwa wa pili ulinichukua jioni yote. Arkanoid sawa, Super Mario Bros. 3 mambo yanakwenda kasi ya ajabu. Nilihesabu lachi: hazikuwa 50 kwa sekunde, zilikuwa zaidi ya 100. Chipu ya Nintendo inapocheza sauti iliyorekodiwa inaweza kuchafua usomaji wa pedi, na Mario 3 inajihami kwa kusoma tena na kulinganisha mpaka majibu yafanane. Programu yangu ilikuwa inakata akiba kila inaposomwa, na usomaji wa pili ukapata jibu tofauti na wa kwanza. Sasa lachi yoyote inayofuata nyingine ndani ya milisekunde 5 haihesabiki. Imetulia.

Jumamosi, 28 Juni

Kaka amekuja baada ya adhuhuri. Nimeweka trakiboli kwenye meza ya chini, nimeigundisha kwa mpira wa tairi isiteleze, TV usawa wa macho yake. Arkanoid ya Taito ilitoka 1986 ikiendeshwa kwa kitasa cha kuzungusha, na toleo la Famicom liliuzwa na kitasa chake kwenye boksi. Huku hatukuwahi kukiona. Kaka alijifunza kwa pedi, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuicheza kwa kitu kinachozunguka.

Amefyatua kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa CX22 ina vitufe viwili vikubwa, kila upande kimoja. Kiganja cha kulia kimelala juu ya mpira, vidole vimenyooka vilivyo, havihitajiki. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ulimpita. Wa tatu aliupokea kwenye pembe ya ubao na kuupeleka juu kwenye ule mwanya wa ukutani aliokuwa akiutafuta tangu zamani, nao ukabaki huko juu ukivunja matofali peke yake, tak-tak-tak-tak, na yeye mkono ukapumzika akiusubiri ushuke. Mpwa wetu alikuwa hajawahi kuona hivyo. Aliacha mlango wazi na watoto wa jirani wakaanza kuingia.

Alifika raundi ya saba. Kisha akasimama, si kwa kushindwa, akaniita.

"Mdogo wangu, nikigeuka inachelewa."

Nikasema haiwezekani, kikomo ni fremu tatu.

"Nikitoka kulia kwenda kushoto, inanipeleka kulia kidogo kwanza. Angalia."

Nikaangalia, sikuona. Akarudia mara nne, na mara ya nne nikaona: ubao uliganda kwa punje ya muda kabla ya kumtii. Ni ile akiba ya kulia, hata ikiwa ndogo, inalipwa kwanza ndipo ya kushoto ianze. Fremu tatu kwa hesabu yangu, na mtu huyu amezihisi kwa kiganja.

Nimeongeza mstari mmoja: mpira ukigeuka, akiba ya upande wa zamani inafutwa palepale. Kiwango pia nimekishusha kutoka hesabu 6 hadi 4, ndivyo anavyopenda. Nano inapakia sasa. Yeye hajaondoka kitini, na kiganja bado kiko juu ya mpira.